MASAKTA, AMBAKO WASTANI HAUNYESHI

Kila jioni, taarifa ya habari inapomalizika, hutusomewa hali ya hewa itakavyokuwa kesho. Hutajwa Dar es Salaam, hutajwa Arusha, Dodoma, Mwanza, Mbeya na Unguja. Kila mji hupewa nyuzi zake za joto, na pwani hupewa upepo na mawimbi yake. Masakta haitajwi. Wala hilo si la kushangaza, kwa maana kata za nchi hii ni maelfu, na muda wa kuzitaja zote haupo. Hata hivyo, ndugu msomaji, nakualika leo tufunge safari ya kwenda huko kusikotajwa, kwa sababu huko ndiko mtu anakoweza kuielewa vizuri maana ya neno moja tunalolisikia kila msimu wa mvua ukikaribia: neno wastani.

Tunaambiwa kwamba mvua za mwaka huu zitakuwa za wastani, au chini ya wastani, au juu ya wastani. Mkazi wa mjini akilisikia neno hilo huwaza mwavuli wake na foleni ya barabarani. Mkazi wa Masakta huwaza mbegu aliyoificha ghalani, ng'ombe wake, na mlima unaomtazama kila asubuhi. Neno ni moja, lakini uzito wake si mmoja.

NJIA YA KWENDA HUKO

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi, waweza kupita Morogoro, Dodoma na Kondoa mpaka Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2002 kwa kuugawa uliokuwa Mkoa wa Arusha. Kutoka Babati unashika barabara iendayo Singida, unapita Dareda chini ya ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa, na punde si punde unauona Mlima Hanang ukiwa umesimama peke yake mbele yako, kama mzee aliyejitenga na baraza la wenzake.

Mlima huo una urefu wa mita zipatazo 3,420 kutoka usawa wa bahari, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa nne nchini, baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Ni mlima wa volkano iliyolala tangu zamani. Miguuni pake uko mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang. Masakta ni mojawapo ya kata za wilaya hiyo, katika upande unaoelekea Wilaya ya Mbulu.

Hapa ni nchi ya Wairaqw, watu wa jembe na zizi kwa pamoja, wanaolima mahindi, maharage na ngano huku wakifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Majirani zao ni Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga na ni wafugaji mashuhuri, na upande wa Singida wako Wanyaturu. Ni sehemu chache sana za Afrika ambazo katika mwendo wa siku moja utasikia lugha ya Kikushi, lugha ya Kinailoti na lugha ya Kibantu zikisalimiana gulioni. Na katika lugha ya Kiiraqw, jina la Mungu, Looaa, ndilo pia jina la jua. Watu waliolifikia wazo hilo hawakuwa watu wa kuipuuza anga.

BARIDI AMBAYO HAIMO KATIKA HESABU

Mgeni kutoka pwani hukumbana kwanza na baridi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo sehemu za Hanang zilizo karibu na mita 1,800 huwa na baridi kuliko usawa wa bahari kwa nyuzi 11 au 12 hivi, hata kama jua ni lile lile. Na ukisimama chini ya mlima wenyewe, kwenye mita 1,700 hivi, kisha ukatazama kilele, ujue kwamba kati ya nyayo zako na kilele kile pana tofauti nyingine ya nyuzi zipatazo 11. Mlima huo ni kama kipimajoto kikubwa kilichosimikwa ardhini.

Miezi ya Juni na Julai, upepo wa kusi unapovuma kutoka kusini-mashariki, baridi hiyo huongezeka. Usiku anga likiwa halina mawingu, joto la ardhi hupotea juu kama moshi. Hapo ndipo utakapotambua hekima ya nyumba za tembe walizojenga wazee wa Kiiraqw: nyumba fupi zenye paa la udongo, nyingine zikiwa zimezama ndani ya mteremko. Udongo mzito hupokea joto la mchana polepole na kulirudisha polepole usiku. Bati, ambalo leo limeenea na lina faida zake, hasa ya kukinga maji ya mvua, halina subira hiyo. Mchana huunguza na usiku huganda.

Sasa angalia jinsi hesabu inavyoweza kutuficha jambo. Tuseme mchana joto limefika nyuzi 28, na alfajiri lilikuwa nyuzi 10. Wastani wa siku hiyo ni nyuzi 19. Mtu aliyeko Kariakoo akisoma nyuzi 19 katika jedwali ataona ni hali ya kupendeza kabisa, naye atafunga safari na mashati mepesi mawili. Atakapotetemeka alfajiri ndipo atakapogundua kwamba nyuzi 19 zilikuwapo kwa muda mfupi tu, wakati joto lilipokuwa likipanda asubuhi na lilipokuwa likishuka jioni. Saa nyingine zote alikuwa ama juu yake ama chini yake. Na kama hali ni hiyo kwa siku moja, itakuwaje kwa mwaka, na itakuwaje kwa miaka 30?

WASTANI HUPATIKANAJE?

Tusilidharau neno hili kabla ya kulifahamu, kwa maana limejengwa kwa kazi kubwa na ya uaminifu. Katika kila kituo cha hali ya hewa kuna kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha upepo, kilichoinuliwa karibu na usawa wa kifua cha mtu mzima. Ndani yake vipimajoto hupima joto la hewa kivulini, bila kuchomwa na jua wala kudanganywa na joto la ardhi. Pembeni kuna kipimamvua, chombo cha duara kinachopokea maji ya mvua. Kila siku, saa 3 asubuhi, mtumishi wa kituo huyapima maji hayo na kuandika. Iwe sikukuu, iwe msiba, anaandika. Na kama haikunyesha, anaandika kwamba haikunyesha.

Kazi hiyo ina historia ndefu katika sehemu zetu. Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa ajili ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na vituo vyake na madaftari yake. Kwetu, kazi hiyo ilikabidhiwa Wakala wa Hali ya Hewa mwaka 1999, nao ukageuzwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa sheria ya mwaka 2019.

Mataifa yamekubaliana, kupitia Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwamba wastani wa muda mrefu uhesabiwe kwa miaka 30. Miaka 5 ni michache mno, kwa kuwa mwaka mmoja wa mafuriko waweza kuipotosha. Miaka 30 ni umri wa mtu kuzaliwa, kukua na kupata watoto wake. Ndani ya muda huo nchi huwa imeonyesha tabia zake nyingi. Ndiyo maana wazee wetu walitofautisha bila kwenda shule: hali ya hewa ni ya leo na kesho, lakini tabia ya nchi, ambayo siku hizi wataalamu wameifupisha na kuiita tabianchi, ni mazoea yake ya miaka mingi. Mtu mpole aweza kukasirika siku moja, na hasira ya siku moja haimwondolei upole wake.

Mamlaka inapotangaza utabiri wa msimu, hutumia kipimo cha asilimia. Mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu huitwa ya wastani. Ikizidi asilimia 125 huitwa ya juu ya wastani, na ikipungua chini ya asilimia 75 huitwa ya chini ya wastani. Kwa hiyo mahali ambapo wastani wa msimu ni milimita 600, mvua ya milimita 450 na mvua ya milimita 750 zote huitwa kwa jina moja. Kwa mwandishi wa ripoti hakuna tatizo. Kwa mkulima, tofauti hiyo ya milimita 300 yaweza kuwa ghala lililojaa au ghala tupu.

Na milimita si kitu kidogo kama jina lake linavyodanganya. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Juu ya ekari moja ni lita zaidi ya 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Mvua ya milimita 50 inaponyesha kwa usiku mmoja, kila ekari imemwagiwa mapipa 1,000. Yapange mapipa hayo katika mawazo yako juu ya mteremko wa mlima, kisha ujiulize yatakwenda wapi.

MWAKA AMBAO HAUKUZALIWA

Chukua mfano wa kubuni. Kijiji kimepata milimita 900 mwaka wa kwanza, milimita 350 mwaka wa pili, na milimita 550 mwaka wa tatu. Jumla ni 1,800, na wastani ni 600. Lakini katika miaka hiyo mitatu, ni mwaka gani uliopata 600? Hakuna hata mmoja. Wastani ni mwaka ambao haukuzaliwa. Umetengenezwa kwa kuiyeyusha miaka iliyozaliwa kweli. Mahindi hayanywi wastani, yanakunywa mvua iliyonyesha.

Hata milimita zikitimia, swali la pili ni zimenyesha lini. Milimita 600 zilizogawanyika vizuri tangu kupanda hadi mbelewele ni neema. Milimita hizo hizo zikimwagika kwa wiki tatu, kisha jua likawaka mwezi mzima, daftari la kituo litaandika mwaka mzuri huku mama wa nyumba akihesabu vikombe vya unga. Ndiyo sababu utabiri mzuri hauishii kwenye kiasi. Hueleza pia mvua zitaanza lini, zitakoma lini, na kama kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu katikati.

Masakta ina ugumu wake zaidi, nao unatokana na mahali ilipo. Katika kuigawa nchi, Mkoa wa Manyara huwekwa pamoja na nyanda za juu kaskazini-mashariki, zenye misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Lakini Wilaya ya Hanang inapakana na Singida, ambayo ina msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba hadi Aprili. Mawingu hayatambui mpaka wa mkoa. Mtu wa Hanang amekaa mlangoni, kati ya vyumba viwili vyenye desturi tofauti, naye hulazimika kusikiliza matangazo ya pande zote mbili.

Kisha upo mlima wenyewe. Upepo wenye unyevu unaotoka upande wa bahari hugonga Hanang, hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Ukishuka upande wa pili umekwisha kukamuliwa. Upande mmoja utaona msitu na ukungu. Upande wa kaskazini-magharibi, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, utaliona Ziwa Balangida, ziwa la maji ya chumvi lenye kina kifupi, ambalo katika kiangazi kikali hubaki uwanja mweupe. Msitu na uwanja wa chumvi vimo ndani ya wilaya moja. Ukichukua mvua ya pande hizo mbili ukaigawa kwa mbili, utapata tarakimu isiyomfaa mtu wa msituni wala mtu wa ziwani.

Wafugaji wa Kibarabaig waliujua ukweli huo tangu kale, ndiyo maana jibu lao kwa mvua isiyotabirika lilikuwa kuhama: malisho haya msimu huu, yale msimu ujao, na mengine yaachwe yapumzike. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika nyanda za Basotu chini ya Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO. Taifa lilihitaji mkate, na ngano ilipatikana. Lakini mashamba yale yalichukua malisho ambayo kwa macho ya mgeni yalionekana kuwa ardhi ya bure kwa sababu tu wenye ng'ombe hawakuwapo msimu ule, na mgogoro wake ulifika mahakamani. Ndani ya mgogoro ule wa ardhi zilikuwamo hesabu mbili za mvua: moja iliyotegemea mahali pamoja pawe na mvua ya kutosha mwaka hadi mwaka, na nyingine iliyojua kwamba haitakuwa hivyo.

MIAKA MIWILI, MKOA MMOJA

Nakuomba sasa, ndugu msomaji, uyaweke mezani matukio mawili ya Mkoa huu huu wa Manyara.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, baada ya vuli kushindwa, ukame uliipiga Wilaya ya Simanjiro. Malisho yalikwisha, mabwawa yalikauka, na mifugo ilikufa kwa maelfu. Mizoga ililala porini, na familia zilizokuwa na uwezo jana zikaamka maskini.

Haikupita miaka miwili. Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli ya mwaka huo ingekuwa ya juu ya wastani katika maeneo mengi. Sababu ilikuwa joto la maji ya bahari. Katika Pasifiki palikuwa na El Niño, yaani maji ya katikati na mashariki ya bahari hiyo yalikuwa na joto kuliko kawaida. Na katika Bahari ya Hindi, upande wetu wa magharibi ulikuwa na joto zaidi kuliko upande wa Indonesia. Hali hizo mbili zikikutana, unyevu mwingi husukumwa kuja Afrika Mashariki. Utabiri ulitimia. Mvua zilinyesha.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe makubwa na magogo viliteremka kwa kishindo hadi Katesh na vijiji vya jirani, vikiwamo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengine wengi walijeruhiwa au kubaki bila makazi. Wengine walidhani volkano imeamka. Wataalamu wa miamba waliouchunguza mlima walieleza kwamba haikuwa hivyo: miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi, ikalemewa, ikaporomoka. Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye siku hizo alikuwa Dubai katika mkutano wa dunia kuhusu mabadiliko ya tabianchi, alikatisha ziara yake akarudi kuwaona wafiwa. Baadaye nyumba 109 zilijengwa katika eneo la Waret kwa ajili ya waathirika.

Sasa chukua ukame wa 2022 na tope la 2023, uvijumlishe, ugawe kwa mbili. Utapata nini? Utapata mkoa wenye mvua za wastani! Hesabu itakuwa sahihi kabisa, na hakuna mfugaji wa Simanjiro wala mama wa Gendabi atakayeitambua nchi inayoelezwa.

Si mara ya kwanza. Oktoba hadi Desemba 1961, miezi ile ile tuliyopata Uhuru, mvua zilizidi kiasi kote Afrika Mashariki, na katika miaka michache iliyofuata kina cha Ziwa Victoria kilipanda kwa zaidi ya mita 2. Miaka ya 1973 na 1974 ukame ulituletea njaa na kulilazimisha Taifa kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara na reli. Vuli ya 2019 nayo ilifurika. Yote hayo yamo ndani ya wastani wetu, ndiyo yaliyoujenga.

MSTARI UNAOSOGEA

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa leo lazima alijue. Wastani wenyewe hausimami. Kwa muda mrefu dunia ilitumia miaka ya 1961 hadi 1990 kuwa kipimo. Sasa inayotumika ni ya 1991 hadi 2020. Kwa kuwa dunia imeongezeka joto, kipimo kipya nacho kina joto zaidi kuliko cha zamani. Kwa hiyo mwaka ambao leo tunaambiwa umezidi wastani kwa nusu nyuzi ungeonekana umezidi zaidi kama tungeulinganisha na siku za wazee wetu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilieleza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, ukiwa umezidi wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa karibu nyuzi 1.55.

Mtoto anayezaliwa leo Masakta atakua akidhani joto analolikuta ndilo la kawaida. Bibi yake atamwambia kwamba zamani asubuhi za Julai zilikuwa na baridi kuliko hizi, naye ataichukua kuwa hadithi ya wazee. Ni daftari la kituo peke yake litakalowaamua. Ndiyo maana kulitunza daftari hilo ni kazi ya kizalendo hata kama haipigiwi makofi.

TUFANYE NINI NA NENO HILI?

Wapo watakaosema: kama wastani haunyeshi, tuutupe. Hapana. Rula haikati mbao, lakini seremala asiye na rula atakuonyesha meza yake nawe hutataka kulia chakula juu yake. Wastani ni rula ya kupimia mshangao. Bila wastani tusingejua kwamba vuli ya 2023 ilikuwa ikija na hatari. Tungesema tu kwamba inanyesha, kama inavyonyesha siku zote. Kosa ni kuichukua rula kuwa ahadi.

Basi tangazo linaposema juu ya wastani, mtu wa chini ya mlima asisikie kwamba mahindi yatastawi, akaishia hapo. Asikie pia kwamba ardhi italowa kuliko ilivyozoea, na miteremko iliyovumilia miaka 30 huenda isivumilie wiki hii. Njia za maji zizibuliwe, kingo za korongo zihamwe mapema, na watoto wajue ni upande gani wa kukimbilia. Tangazo linaposema chini ya wastani, mbegu iwe ya muda mfupi, mtama upewe nafasi yake, chakula kilichomo ghalani kisimalizwe kwa pombe na sherehe, na mifugo ya kuuzwa iuzwe ikiwa bado na nyama mwilini.

Nawe mkazi wa mjini usidhani hayo hayakuhusu. Maharage ya sufuria yako yametoka nchi za namna hii, na bei yake huandikwa na mvua kabla ya kuandikwa na mfanyabiashara. Fedha unazomtumia ndugu yako alime zitazaa au zitaoza kulingana na mwezi aliopanda; mwulize kwanza utabiri wa wilaya yake, usimhimize kwa kutazama mawingu ya Ilala. Na kama wewe mwenyewe umejenga bondeni, kumbuka Desemba 2011, Dar es Salaam ilipopata mvua kubwa ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 50. Waliokaa Jangwani na bonde la Msimbazi walikuwa wameona miaka mingi ya wastani, nayo iliwafanya walisahau bonde. Wengi wao walihamishiwa Mabwepande.

Shule za msingi zaweza kufanya jambo moja dogo lenye faida kubwa. Chombo chenye kuta zilizonyooka, kimewekwa uwanjani mbali na miti na mapaa, pamoja na rula na daftari, vinatosha kuanza. Kila saa 3 asubuhi mwanafunzi mmoja apime na kuandika. Hakitashindana na kituo cha Mamlaka, lakini baada ya miaka michache kijiji kitakuwa na hesabu yake chenyewe, hesabu ya upande wake wa mlima, na tangazo litakapotaja wastani wa mkoa kitajua kujiuliza: na sisi je?

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na walisema kweli. Lakini wingu huonekana siku ile ile, wakati utabiri wa msimu husomwa majuma kadhaa kabla ya mvua. Kati ya siku ya kusomwa na siku ya kunyesha pana nafasi ya kuchagua mbegu, kuzibua mfereji, kuhamisha kitanda cha mgonjwa kutoka ukingoni mwa korongo. Nafasi hiyo haina wastani. Kila nyumba ina ya kwake, nayo hutumika au hupotea.